Baba anasema lilikuwa namba 11

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, ninaishi Mombasa na mke wangu na watoto wetu wawili. Mchana ninafanya kazi ya uhasibu. Usiku, watoto wakishalala, ninaunda magari madogo ya plastiki. Si ya kuchezea. Yanakuja kwenye boksi yakiwa vipande mia na zaidi, vyote vimeshikana kwenye fremu. Unavikata kimoja kimoja kwa koleo ndogo, unavipiga msasa, unavipaka rangi, kisha unaviunga kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo ili vipande vishikane kama vimechomelewa. Ninayopenda ni ya kipimo cha moja kwa ishirini na nne, yaani gari la mita 4 na kidogo linakuwa kama sentimita 17. Nimeshaunda 31. Kaka yangu mkubwa huniita mtoto mwenye mvi, na mimi nimeshazoea.

Shida ni gari la 32.

Baba yetu ana miaka 82. Alikuwa fundi wa magari Voi, na tangu tukiwa wadogo, kila Pasaka, anatusimulia hadithi moja. Unajua Shangazi, zamani Safari Rally ilikuwa ya Pasaka. Basi Datsun 240Z jekundu lenye bonati nyeusi, namba 11, Shekhar Mehta kwenye usukani, liliingia kituoni usiku likiwa limegonga mahali. Digadi la mbele kushoto, yaani bati linalofunika tairi, limekunjamana hadi linakwaruza tairi. Baba akalala kwenye tope na nyundo yake. Digadi likakataa kunyooka, akafungua bolti, akalivua, akaweka jeupe lililotoka kwenye gari lingine, akamalizia na waya. Dakika 11 kwa gari namba 11. Likaondoka, likaenda kushinda Safari ya 1973. Hapo huwa ananyamaza, anatutazama mmoja mmoja, kisha anaomba chai.

Mwaka jana rafiki yangu anayefanya kazi Dubai aliniletea boksi la gari hilohilo, lililotengenezwa Japani. (Boksi linapanda ndege, lakini makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwa kuwa yanashika moto, kwa hiyo wekundu wake nilichanganyiwa kwenye duka la rangi za magari.) Nilipompigia baba simu kumwambia, alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Wiki iliyofuata nilipomtembelea alikuwa na maagizo matatu. Digadi la kushoto liwe jeupe. Tope liwe la kweli, na akanipa mkebe wa udongo mwekundu. Na chini ya gari kuwe na kibao kilichoandikwa: “Mshindi wa Safari 1973”, kisha jina lake na neno “Fundi”. Nikamwahidi kwamba Pasaka hii, ukoo wote ukikutana kwake, nitaliweka mezani.

Nilipofungua boksi nikakuta stika za namba 11, nikafurahi sana. Halafu nikasoma karatasi ya maelezo. Namba 11 ni gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller, walioshinda mwaka 1971. Mehta alishinda 1973, tena kwa 240Z, lakini namba 11 ile haikuwa yake. Nikaanza kutafuta picha. Nimekusanya zaidi ya 60 za miaka yote miwili na sijaona digadi jeupe hata moja.

Kisha nikachukua picha ya baba mwenyewe, ile inayoning'inia sebuleni, amesimama na ovaroli, ameshika tairi kando ya gari la mashindano. Tumeiona maisha yetu yote. Mara hii niliitazama kwa kioo cha kukuzia. Gari lililo nyuma yake lina milango minne, Shangazi. 240Z ina miwili. Ile ni Datsun 1600 ya kawaida, na namba yake imefichwa na mwili wa baba.

Kaka anasema alijua siku zote kwamba mzee hakuwa kwenye timu yoyote, kwamba alikwenda kutazama kama watu wengine, na anataka Pasaka nimwonyeshe karatasi ile “ili hadithi ipumzike”. Dada yetu mdogo analia akisikia hayo. Anasema paka rangi nyeupe, bandika kibao, mzee atabaki nasi kwa muda gani? Mke wangu anasema mimi namchunguza baba yangu kwa kioo cha kukuzia, na kwamba kama nina macho makali hivyo ningeona binti yetu anavyokohoa kila nikipuliza rangi barazani.

Kingine ni kwamba nimealikwa kupeleka magari yangu kwenye maonyesho ya magari ya zamani Nairobi baada ya Pasaka. Wanaokuja pale wanajua kila bolti. Nikipeleka Datsun yenye digadi jeupe na kibao cha 1973 chini ya namba 11, nitachekwa. Nisipoipeleka, baba ataniuliza kwa nini, maana ameshawaambia majirani.

Bodi imeshapakwa praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, na iko mezani. Kila usiku naishika, naiangalia, naiweka chini. Nifanye nini?

Mwana wa Fundi, Mombasa

*

Marahaba, Mwana wa Fundi.

Kabla ya baba, tuanze na binti, maana hilo halihitaji busara yoyote. Rangi za magari na thina zake hazipuliziwi kwenye baraza ambalo mtoto analala nyuma ya dirisha lake. Na kama dukani walikupa ile inayochanganywa na kigumisho, hiyo ni mbaya zaidi kwa mapafu, yako na yake, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tafuta barakoa yenye vichujio vya kemikali, na mahali pa wazi mbali na nyumba, au umpe fundi wa gereji akupulizie bodi pamoja na kazi zake. Mpeleke mtoto akapimwe kifua. Mke wako kakwambia jambo hili katikati ya mambo mengine, na wewe umeniandikia vilevile, katikati ya mambo mengine.

Sasa tuje kwa mzee.

Nilivyokuelewa, ulitaka kumpa baba zawadi ya kitu unachokijua kuliko vyote, yaani usahihi. Kila ulipozidi kuwa sahihi, yeye akazidi kuonekana mwongo. Sasa unaona ukiunda anavyotaka utakuwa umetia sahihi yako kwenye jambo usiloliamini, na ukiunda picha zinavyosema utakuwa umemvua nguo mbele ya wajukuu. Umekwama kwenye praima. Ningekuwa wewe ningekwama pia.

Hebu tuzitazame picha zako 60 kidogo, maana nahisi umezipa cheo kikubwa. Safari ya miaka ile ilikuwa ya siku kadhaa na kilomita zaidi ya 5,000. Gari lililong'aa jukwaani Nairobi halikuwa gari lilelile baada ya usiku wa pili. Taa zilivunjika, milango ilibonyea, vitu vikafungwa kwa kamba. Mafundi walibadilisha walichoweza kubadilisha kwa dakika walizonazo, na wewe unajua kuliko mimi kwamba madigadi ya mbele ya 240Z yamefungwa kwa bolti, hayakuchomelewa, kwa hiyo kisa cha kuvua na kuweka kingine si cha kubuni tu. Waliokuwa na kamera walisimama mchana, penye mwanga, penye watu. Nani alikuwa anapiga picha Voi usiku wa manane kwenye tope?

Haya, na namba? Hapa nimekaa na kalamu. Mwaka 1971 Herrmann alikuwa wa kwanza, umesema vema. Lakini aliyekuja wa pili ni Mehta, naye alikuwa na 240Z. Halafu 1973 Mehta akashinda, akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano. Kufikia hapo jina lake lilikuwa kila mahali, na la Herrmann watu wengi walishalisahau. Fundi aliyeshika gari jekundu la Mehta mwaka 1971, au gari jekundu la Herrmann, au yote mawili usiku mmoja, baada ya miaka ishirini ya kusimulia anaweza kabisa kujikuta na gari moja tu, dereva mmoja, na ushindi mmoja. Mimi mwenyewe ningeapa kwamba nilimwona Joginder Singh akipita Mariakani mwaka 1974, mwaka alioshinda na Mitsubishi Lancer, vumbi likanijaa mpaka kwenye meno. Dada yangu anasema Pasaka hiyo tulikuwa Kilifi kwa shangazi na nilikuwa na surua. Vumbi lile nalionja hadi leo.

Na ile 1600 ya milango minne: Herrmann huyohuyo ndiye aliyeshinda nayo Safari ya 1970, na lilikuwa gari ambalo wenyeji wengi walilimudu. Picha inasema kwamba siku moja baba yako alisimama na tairi kando ya gari kama hilo. Haisemi kwamba hakuwahi kusimama kando ya jingine.

Usidhani nimemtoa mzee kesini. Nimekupa njia za kumwamini, na mojawapo inaweza kuwa kweli, lakini inawezekana pia kwamba kaka yako ana haki. Inawezekana baba alikuwa kijana kando ya barabara kama mimi, akapewa tairi ashike dakika tano, na dakika tano hizo zikakua. Sijui, na wewe hujui. Kinachonishangaza, mwanangu, ni kwamba katika barua ndefu hivi kuna picha, karatasi, kioo cha kukuzia, kaka, dada na mke, lakini hakuna mahali umeandika “nikamwuliza baba”. Umemkagua kama vitabu vya mwisho wa mwaka. Mkaguzi naye hufika mahali akamwita mwenye duka.

Ninavyodhani, hukuuliza kwa sababu unaogopa swali lenyewe litakuwa shtaka. Linategemea unaulizaje. “Baba, mbona hapa wanasema ni Herrmann?” ni shtaka. Lakini kuna maswali ambayo fundi pekee anaweza kuyajibu, na ambayo wewe, mwenye kuunda, una haja nayo kweli. Hilo digadi alilifungua kuanzia bolti ipi? Jeki aliiweka wapi kwenye tope? Lile jeupe lilikuwa la gari gani, na mwenye gari alisemaje? Waya ulipita juu ya taa au chini? Mtu aliyekuwepo hujibu maswali hayo kwa mikono kabla ya mdomo. Na mtu ambaye hakuwepo, ukimuuliza kwa upole mkiwa wawili tu, pengine atapata mlango wa kutokea mwenyewe bila wewe kumsukuma. Atasema, “unajua, hiyo niliisikia kwa fulani.” Wazee wengine husubiri miaka mingi mtu awape nafasi ya kusema hivyo. Wengine hawataki kabisa, na hilo nalo utaliona usoni.

Hatari ipo. Huenda akashtuka, akajua umechimba. Huenda akakasirika, akakwambia uache gari lake. Na katika umri wa miaka 82 huenda akakujibu kitu kimoja leo na kingine kesho, ukabaki ulipokuwa. Mimi simjui, wewe unamjua.

Dada yako anasema upake nyeupe, yaishe. Nauelewa moyo wake. Zawadi ni ya anayepewa, na hakuna aliyekuomba ufanye utafiti. Digadi jeupe peke yake halinisumbui, maana hakuna anayeweza kuapa kwamba halikuwepo. Kinachonitia wasiwasi ni kibao. Rangi inasimulia, ila maandishi yanashuhudia. Miaka thelathini ijayo mjukuu mmoja atakuwa na gari hilo kabatini kwake, atasoma “Mshindi wa Safari 1973” na jina la babu yake, atatafuta kama ulivyotafuta wewe, na hatakuwa na mtu wa kumwuliza. Pengine hilo si kitu. Familia nyingi zina vitu vya namna hiyo na zinaishi vizuri tu. Ila wewe ndiye utakayebandika, na umeniambia mwenyewe kwamba mkono unakataa.

Kaka yako naye, samahani, sijamwelewa. “Hadithi ipumzike” kwa faida ya nani? Mbele ya wajukuu, siku ya Pasaka, na karatasi mkononi? Inaonekana kuna deni la zamani kati yake na mzee ambalo halina uhusiano na Datsun. Labda ni mkubwa wenu aliyesikiliza hadithi ya ushujaa kila mwaka na hakuwahi kusikia yake ikisimuliwa. Ningezungumza naye kabla ya Pasaka, si kumbembeleza anyamaze, bali kumwuliza nini hasa kinamuuma. Unaweza kumwambia wazi kwamba karatasi ni yako, nawe ndiye utakayeamua inatoka lini kwenye boksi.

Kuunda kama picha zinavyosema, namba 11 safi ya Herrmann, kuna heshima yake pia. Utaipeleka Nairobi kifua mbele. Lakini jiulize kama gari la Nairobi na gari la mezani kwa baba lazima liwe moja. Uliahidi moja kwa baba. Maonyesho yalikuja baadaye, na wewe ndiye uliyeyafunga pamoja. Una mengine 31 ya kupeleka. Majirani wakiuliza, gari la mzee liko kwa mzee, kuna ubaya gani? Sasa kama unaogopa kuchekwa na wale wanaojua kila bolti, hilo liseme kwa jina lake, usimtwike baba.

Kuna kitu kimoja hukukisema, nami nilikwenda kuuliza kwa kijana mmoja wa kanisani kwetu anayeunda kama wewe. Aliniambia magari mengi ya kipimo hiki yanakuja na bonati iliyofungwa, haifunguki, na chini yake hakuna injini. Nilisikitika kidogo niliposikia. Watengenezaji wanakupa dereva na namba yake, wanakupa wadhamini wote kwenye stika, lakini mahali fundi anapoingiza mkono hapamo kwenye boksi. Sikuambii uikate bonati kwa kisu na kuchonga injini ya silinda sita kutoka kwa mabaki, ingawa huyo kijana anasema watu hufanya. Nakuambia tu kwamba kama ungetaka kuunda usiku ule badala ya ushindi ule, ungekuwa na kazi ya mwaka mzima: gari kwenye jeki, taa moja imevunjika, digadi limelazwa kwenye tope, tairi kando, na mwanamume wa ovaroli mwenye urefu wa sentimita saba, mgongo wake umeziba namba, kama kwenye ile picha ya sebuleni. Kibao kingeandikwa Voi, na usiku. Labda mwaka ungeachwa wazi. Kwa jicho la kaka yako hiyo ni hila. Kwa jicho la dada yako ni baridi, maana baba aliomba ushindi. Hata baba mwenyewe anaweza kuuliza, mbona hujaandika mshindi? Ukimwonyesha, uwe na jibu.

Mwisho, ule mkebe. Huyo kijana anasema udongo wa kweli unaharibu kazi usipopepetwa vizuri, kwa sababu punje ya milimita 1 chini ya gari lako inaonekana kama jiwe la zaidi ya sentimita 2. Upitishe kwenye soksi ndefu ya nailoni ya mkeo, mara mbili, ukiwa umeomba ruhusa. Lakini kabla hujaupepeta, umesema baba alikupa mkebe wa udongo mwekundu, ukaendelea na sentensi nyingine. Uani kwake Voi kuna udongo mwekundu tele, huenda aliuchota asubuhi ile. Au huenda mkebe huo ulikuwa kwenye rafu ya gereji kabla hujazaliwa. Kwa nini mtu aweke udongo kwenye mkebe? Nenda nao mkononi, ukae na baba chini, umwulize aliuchota wapi, na siku hiyo ilikuwa siku gani.